Bastola Iliyosafishwa Wakati wa Chai

Mzee Tambara alikuwa na jina lake kwenye kadi ya kazi, lakini ungefika getini ukaliulizia jina hilo, mlinzi angekwambia hapa hakuna mtu kama huyo. Aliitwa Tambara kwa sababu ya kitambaa cha pamba alichokiweka kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, na kwa sababu hakuweza kukiacha humo kikatulia. Akikaa kula, alifuta kijiko kwanza, hata kama kimetoka kuoshwa mbele ya macho yake. Akiazima kalamu yangu, ilirudi inang'aa. Alipokuja kwetu kutoa pole baba mkwe wangu alipofariki, aliketi, akasikia mlango wa chumbani unalia, akainuka katikati ya maneno ya faraja, akatoa kichupa mfukoni na kutia tone moja la mafuta kwenye bawaba. Mama mkwe, pamoja na uchungu wote ule, alicheka mpaka akatafuta leso.

Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa silaha wa kampuni yetu ya ulinzi, na mimi karani wake wa ghala kwa tisa ya mwisho. Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, dirisha dogo la nondo, meza yake ndefu iliyotandikwa mpira mweusi, na meza yangu fupi iliyobanwa kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Asubuhi walinzi walipanga mstari dirishani kuchukua bastola zao, jioni wakapanga tena kuzirudisha. Tambara alizijua zote kwa namba na kwa tabia. "Hii usiijaze mpaka juu, itakununia," alimwambia mmoja. "Hii inavuta kushoto, mwenzio." Jioni alizipokea, akazifuta, akazitia mafuta, akazilaza. Kila bastola iliguswa na mkono wake angalau mara moja kwa wiki, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki mlinzi hata mmoja aliyerudi akasema silaha imemgomea kazini.

Namwandika kwa sababu wanaomkumbuka wanamkumbuka vibaya, na wanaonifahamu mimi wananisifu, na yote mawili si haki. Nimejaribu kuishi na jambo hili kimyakimya, nimeshindwa.

Mambo yalianza bastola zetu za zamani zilipochoka. Meneja aliletewa aina tatu, moja moja, achague moja kisha anunue arobaini za aina hiyo. Majina ya viwanda siyataji, maana hakuna kiwanda kilichokosa, na hata hivyo ghalani tulizipa majina yetu wenyewe ndani ya saa moja.

Ya kwanza tuliiita Bibi. Ilikuwa ya chuma tupu, nzito, na uzito huo ulikuwa faida, kwa sababu ukifyatua haikurushi mkono. Tatizo lake lilikuwa triga, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole: mvuto wa kwanza mrefu na mgumu, mivuto inayofuata miepesi, kwa hiyo risasi ya kwanza ilikwenda miguuni na ya pili ndiyo ikaenda ulikoituma. Ya pili ilikuwa Mgeni, yenye mpini wa plastiki ngumu, nyepesi, triga yake ileile kutoka risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukiinyanyua ilikaa kwenye shabaha bila kubembelezwa. Lakini kwa wepesi wake ilipiga teke, na ilitaka kifundo cha mkono kilichokaza. Ya tatu tuliiita Kipochi, maana ingeingia kwenye mkoba wa mama yeyote. Mpini wake mwembamba ulifaa mkono mdogo, ila springi yake ilikuwa kali mno. Kuvuta slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na kutupa ganda la risasi, kulihitaji mtu aliyeshiba.

Tambara ndiye aliyepanga majaribio. Kila bastola risasi mia tano, siku moja kila moja, wapigaji watatu wenye mikono tofauti, na sharti moja kubwa: hakuna kufuta, hakuna mafuta, tangu risasi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Bastola safi haikwambii kitu," alisema. "Ni kama mtoto mbele ya wageni. Mwache mpaka achafuke, ndipo utajua amelelewa vipi."

Meneja akalipenda sharti hilo. Mimi nikaulizwa kama nitaweza kukaa siku tatu juani nikihesabu, nikasema naweza, na mdomo wangu huwa unakubali mambo kabla ya kuuliza miguu.

Wapigaji walikuwa Tambara mwenyewe, mlinzi mmoja wa miraba minne, na wifi yangu. Wifi ni mdogo wa mume wangu, na alikuwa akiishi kwetu. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye kampuni, nikamwombea kazi, nikamshonea hata sare ya kwanza kwa kuwa za ghalani zilimmeza. Alichaguliwa kwa sababu ya mkono wake mdogo. "Hatimaye ufupi umenifaa," aliniambia, akaniinulia kiganja mbele ya uso kana kwamba ananionyesha cheti.

Uwanja wetu wa shabaha ulikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya mji. Meza moja, turubai moja la kivuli, na gari la kampuni lililoegeshwa mbali, nyuma ya kichuguu, kwa ajili ya usalama. Siku ya kwanza Bibi ilikwama mara tatu, zote kwa sababu ya magazini, kile kikasha kinacholisha risasi: midomo yake ilikuwa imelegea na kuachia risasi imekaa upande. Siku ya pili Kipochi ilikwama mara saba na kumbana wifi kidole gumba mpaka kikawa cheusi. Nilichora vijistari vyangu kwenye karatasi, nikaandika namba ya risasi, nani alikuwa anapiga, na nini kilitokea. Kazi haikuwa ngumu. Ilitaka mkweli tu.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Mgeni. Tambara alikuwa ameshaipenda tangu ilipotoka kwenye sanduku, na hilo sikuhitaji kuambiwa. Wengine aliwapa bastola kwa mkono mmoja, hiyo aliitoa kwa miwili. Mpaka risasi ya mia na themanini ilikwenda bila hata kukohoa. Kisha wifi akachukua zamu, na kwenye risasi ya mia na tisini na moja ganda likakwama limesimama wima kwenye mlango wa kutokea maganda, nusu ndani nusu nje. Likatolewa. Kwenye mia mbili na nne, likarudia vilevile.

Tambara alisogea akamwangalia wifi mkono, si bastola.

"Binti, kifundo chako kinalegea. Hii ni nyepesi. Ukiiachia, slaidi hairudi mpaka mwisho, ganda halipati nafasi ya kuruka."

"Mzee, mkono huuhuu jana umevuta Kipochi mara mia na sitini."

"Kuvuta ni kingine, kukaza ni kingine." Akanigeukia. "Usiihesabie bastola hiyo. Andika mkono legevu."

"Andika na kilo zangu basi," wifi akasema, na yule wa miraba minne akaangua kicheko. Nikaandika mkono legevu, mara mbili, kwenye safu ya maelezo.

Tulipofika risasi mia mbili na hamsini tukapumzika. Wifi na mwenzake wakaenda kwenye gari kunywa chai. Mimi nilibaki mezani kujumlisha, na Tambara akaketi mbele yangu, bastola imelala kati yetu. Akaanza kunieleza habari za mwanawe anayesomea ufundi umeme, jinsi anavyorudi nyumbani na viatu vichafu na kuviacha mlangoni kama vilivyo. Niliitikia nikiwa nimeinamia karatasi. Maneno yake yalikuwa yakienda polepole, vizuri tu, na nilipoinua kichwa kumjibu nikaona mtutu umelala juu ya kile kitambaa, umeshafutwa unang'aa, na kidole chake kinapeleka tone la mafuta kwenye reli ya slaidi.

"Mzee," nikasema.

Akatazama chini. Sijawahi kuona mtu akishangazwa hivyo na mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameifungua, ameifuta, ameitia mafuta, na habari za mwanawe hazikukatika hata mara moja. Kule kwenye gari nilimsikia wifi akisimulia jambo na kuiga sauti ya Meneja.

"Risasi zimebaki mia mbili na hamsini," akasema hatimaye. "Za kuanza upya hakuna."

"Basi tufanyeje?"

"Tufanyeje nini? Umeiona mwenyewe. Hii ndiyo bora. Hata bila kufutwa ingefika."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Safu ya maelezo ilikuwa tupu mbele yangu, na neno lenyewe lilikuwa moja tu: imesafishwa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuliandika. Ningependa kusema niliogopa, au nilimwonea huruma mzee. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Jua la siku tatu lilinipasua kichwa, nilitaka kwenda nyumbani, na neno hilo lingeturudisha machimboni siku ya nne. Nikajitia hamnazo. Tambara akaiunganisha bastola, akaingiza risasi, na wifi aliporudi anatafuna bado, tukaendelea. Alasiri yote Mgeni haikukwama hata mara moja.

Ripoti niliipiga chapa mimi. Nakumbuka kila herufi: "Risasi mia tano bila kusafishwa. Haikukwama kwa hitilafu yoyote yake. Ilikwama mara mbili mikononi mwa mlinzi wa kike kutokana na mkono legevu." Tambara akasaini. Meneja akaisoma akiwa amesimama, akagonga karatasi kwa kidole kwa furaha.

"Kumbe ipo bastola isiyotaka kubembelezwa," akasema.

Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba atalichukua neno hilo kwa uzito wote. Bastola arobaini zilipofika, akatoa agizo jipya. Kusafisha kila wiki kulikuwa upotevu wa muda. Sasa ingetosha mara moja kila miezi mitatu, na silaha hazitarudi ghalani jioni, zitalala kwenye masanduku ya chuma hukohuko malindoni. Tambara alipanda ngazi kwenda kupinga. Alirudi baada ya dakika tano, akakaa, akaanza kufuta meza isiyo na kitu.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amenisomea saini yangu."

Wifi alipangiwa ghala la saruji. Mtu aliyewahi kukaa karibu na mifuko ya saruji anajua vumbi lile: linaingia kwenye nywele, kwenye saa, kwenye chumvi ya mezani. Wifi alirudi jioni nyusi zake nyeupe, na watoto wangu wakamwita bibi. Tukacheka. Kule kazini, kwenye ala kiunoni mwake, bastola ilikuwa inakula vumbi hilohilo kila siku, na mkono wa kuifuta ulikuwa kilomita nane kutoka pale, umekaa ghalani bila kazi.

Mwezi wa saba, kabla hata miezi mitatu ya kwanza haijatimia, saa nne asubuhi, watu watatu waliingia uani kwa ghala lile kuchukua lori. Dereva alikuwa bado juu, akakataa kushuka. Mmoja alikuwa na chuma kirefu. Wifi alitoa bastola, akapiga onyo, risasi moja, ardhini. Wale watu wakasita. Akainua apige tena, ikakataa. Ganda lilikuwa limesimama wima mlangoni. Alivuta slaidi, akaigonga, akavuta tena kwa meno akilia, na wale watu wakaelewa. Wakamshusha dereva wakamvunja mkono kwa kile chuma, kwenye kiwiko, mbele ya macho ya wifi, kisha wakaondoka na lori.

Mkono wa dereva uliunga umepinda. Lori hataliendesha tena.

Baada ya siku mbili wifi alipata barua. Nilikuwa nimeipiga chapa mimi, kwa kuwa barua zote za idara zilipita kwangu. Alishtakiwa kwa uzembe. Bastola ilijaribiwa kabla ya kununuliwa, barua ilisema, na ilikwama mikononi mwake peke yake, kutokana na mkono legevu, jambo ambalo aliambiwa siku ileile na hakujirekebisha. Kama angeonekana na hatia angefukuzwa, na madai ya dereva yangemwangukia yeye. Nilipofika kwenye yale maneno mawili nilisimama kupiga, nikaenda msalani, nikarudi, nikaendelea.

Nilichokiona nyumbani jioni ya siku ya tano ndicho kilichonivunja. Nilimkuta wifi uani, amenyoosha mkono wa kulia, ameshikilia dumu la maji la lita tano, anahesabu. Mkono ulikuwa unatikisika mzima mpaka begani.

"Unafanya nini?"

"Nakaza." Akalishusha, akajisugua kifundo. "Wifi, labda kweli ni mkono. Mzee Tambara hawezi kusema uongo juu ya bastola. Labda mimi ndiye niliyemvunja yule baba mkono."

Nilifungua mdomo. Nilimwambia aingie ndani, chakula kinapoa.

Siku ya tisa nilibaki ghalani baada ya wote kuondoka. Tambara alikuwa hajaenda kwao. Ile bastola ya wifi ililetwa kwake kama ushahidi, naye alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili, akaufungia kwenye droo. Tangu siku ile hakuwa ameigusa. Alifuta kila kitu kingine: nondo za dirisha, mashine yangu ya kubania karatasi, vishikizo vya droo ileile. Chumba kizima kilikuwa kinang'aa.

"Nikiifuta, nimemmaliza wifi yako," akasema kabla sijaketi. "Imejaa saruji. Hata mkononi mwangu ingenigomea."

"Basi waambie, mzee."

"Nitawaambia. Lakini vumbi peke yake halitoshi. Watasema, mbona ilipita risasi mia tano bila kusafishwa? Itabidi niwaambie na hilo."

Nilikuwa nimekuja kumwomba hivyo hasa, nilikuwa hata nimepanga maneno njiani. Kisha akaongeza, taratibu, bila ubaya wowote: "Watauliza ni nani alikuwepo."

Na mdomo wangu, ule unaokubali mambo upesi, ukakataa upesi zaidi.

"Mzee, nina watoto watatu. Mume wangu ni kaka yake wa tumbo moja. Wakijua niliona nikanyamaza, na barua ile nimepiga mimi, mama mkwe atanitazama vipi? Nitakaa wapi na watu hawa?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nilidhani umekuja kwa ajili ya wifi yako."

"Nimekuja kwa ajili yake."

"Haya," akasema, akavuta mkasi wangu karibu na kuanza kuufuta.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja, na aliyeitwa kuandika kumbukumbu nilikuwa mimi. Walikuwepo Meneja, mwanasheria wa kampuni, wifi aliyevaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na Tambara na mfuko wake. Meneja alisoma ripoti, akairudia mara mbili ile sehemu ya mkono legevu, kisha akamnyooshea wifi vidole viwili.

"Hebu nibane hapa tuone."

"Bosi?"

"Bana. Nguvu zako zote."

Wifi akabana. Meneja akajikaza, akajaribu kutabasamu, uso ukamkunjamana, akavinyofoa vidole vyake na kuvificha chini ya meza. Siku nyingine ningecheka mpaka basi.

Tambara aliomba karatasi nyeupe. Akafungua mafundo, akaitoa bastola, akaifungua juu ya karatasi sehemu moja baada ya nyingine, na kila sehemu ikaangusha unga wa kijivu. Ndani ya reli, saruji ilikuwa imenyonya mabaki ya mafuta ikagandamana kama lipu. Aliirudishia slaidi kwenye nafasi yake, akaivuta nyuma, akaiachia. Ikasogea polepole, ikasimama nusu njia, ikabaki hapo. Vidole vya Tambara vilikuwa vimekunjwa ndani ya viganja.

"Mkono wa nani ungeisukuma hii?" akauliza.

"Lakini majaribio," Meneja akasema. "Risasi mia tano bila kusafishwa."

"Majaribio yalisema uongo. Niliisafisha katikati, wakati wa chai. Ilikuwa imeshakwama mara mbili, na mimi nilikuwa nimeipenda, nikasema ni mkono wa binti huyu. Mkono wake haukuwa na kosa. Na nyinyi mliacha kuzisafisha kwa sababu ya karatasi yangu. Mkono wa yule dereva unidai mimi."

Wifi aligeuka kumtazama, akaanza kulia bila sauti. Mwanasheria hakuwa mtu wa kulia wala kulizwa. Aliweka kalamu chini.

"Ulipoisafisha, nani alikuwepo?"

Tambara hakunitazama. Macho yake yalipita dirishani, ukutani, mezani, kila mahali isipokuwa kwenye kiti changu, na kwa jinsi alivyonikwepa nikajua ananifikiria mimi tu. Nilikuwa na nafasi. Hata kukohoa kungetosha kuanzia.

"Nilikuwa peke yangu," akasema.

"Karani, umeandika hilo?"

"Naandika," nikasema. Na nikaandika: shahidi alieleza kuwa alikuwa peke yake. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Wifi alisafishiwa jina, akarudishwa kazini na barua ya kuombwa radhi. Tambara alifukuzwa siku ileile, akiwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Hakuagwa. Dereva alipopata habari aliapa hatampa mkono, ule mmoja uliobaki mzima. Walinzi wana msemo wao mpya: mtu akijaza fomu ya uongo wanasema amepiga Tambara, na vijana walioajiriwa juzi wanautumia bila kujua kwamba alikuwa mtu. Bastola zimerudi kusafishwa kila wiki, na Mgeni sasa haimgomei mtu. Siku moja nilitoa zile karatasi zangu za majaribio nikazitazama upya. Bibi mara tatu, Kipochi mara saba, Mgeni mara mbili. Hata kama tungeandika ukweli wote, kule kukwama mara mbili na lile neno imesafishwa, bado ingeshinda. Tungeinunua hiyohiyo, na Meneja asingethubutu kuacha kuisafisha. Kile tulichodanganyia tulikuwa tayari tunacho. Nilizirudisha karatasi nikakaa na uso mikononi mpaka mtu akagonga dirishani.

Nyumbani kwa Tambara sijafika. Nimepita mtaa wake mara mbili, nikiwa na safari za kubuni, na mara zote mbili nimevuka upande wa pili.

Jumapili baada ya kikao tulikutana wote kwa mama mkwe. Wifi aliniletea kitambaa cha gauni, cha bei kubwa kuliko uwezo wake. Akipita getini siku ile nilipobaki ghalani, alikuwa ameniona dirishani nikizungumza na mzee, na alikuwa ameshajijengea hadithi yake yote.

"Mama, huyu ndiye aliyemwendea mzee," akasema mbele ya kila mtu. "Mimi nilikuwa nimekata tamaa. Kama si yeye, mzee asingefungua mdomo."

Mama mkwe akaniombea dua, ndefu, kwa majina ya watoto wangu mmoja mmoja. Mume wangu akanitazama jinsi alivyonitazama tulipokuwa wachumba. Nilisema sikufanya kitu, na wote wakaona ni unyenyekevu.

"Ila jambo moja linanisumbua," wifi akaendelea, akiwa bado anakikunjua kitambaa. "Siku ile sisi tulikwenda kwenye gari. Wewe si ulibaki pale mezani?"

Hakuuliza kwa hila. Alikuwa anapanga mambo kichwani mwake tu, ayaweke mahali pake apate kulala.

"Nilikwenda kujisaidia, nyuma ya mawe," nikasema. "Niliporudi nikamkuta anaingiza risasi."

"Bahati mbaya tu," mama mkwe akasema, akanigusa goti. "Ungekuwepo, mwanangu, ungemkataza."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ningemkataza."

Wifi akasema hata yeye alijua hivyo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori, akaja akanikumbatia mbele ya wote, nami nikakubali kukumbatiwa.